Damu ya Muuza Nyama

Soko lilikuwa limefurika, watu bega kwa bega, pale msusi mmoja alipojikinga mvua chini ya paa la bucha. Gauni lake la manjano lilikuwa limelowa pindoni. Kikapu kimejaa mchicha na maharage. Muuza nyama akasahau kisu mkononi. Mwanamke gani huyu, anayeng'arisha hata mbavu zilizoning'inia?

"Karibu maini, dada," akasema, maana ulimi ulikosa jingine.

"Mimi kundi A, kaka. Nyama na damu yangu haziivi chungu kimoja."

Akamweleza, macho yakimeta kama anayefunua siri ya mbingu, kwamba kila damu ina chakula chake: O nyama, A mboga. Hata mume angemtaka wa kundi A, wale sufuria moja. Muuza nyama alikuwa O. Alipimwa alipoomba kazi machinjioni. Lakini mapenzi yalikuwa yameshamteka.

"Basi tumekutana," akasema. "Mimi pia A."

Tangu hapo mkata nyama akawa mla majani. Kila mchana simu ililia: "Umekula nini, A wangu?" Naye hujibu, "Kabichi, roho yangu," huku mafuta ya mbavu yakimng'aa midomoni.

Kisha mama yake msusi akaanguka ghafla. Hospitalini, msusi na muuza nyama wakaambiwa uvimbe umepasuka tumboni, lazima apasuliwe, na damu ya O imekwisha. Msusi akakunja mkono wa gauni.

"Chukueni yangu. Nimetoka tumboni mwake."

Muuguzi akatikisa kichwa taratibu. Mama ni O. Damu ya A ingemdhuru. Msusi akabaki ameunyoosha mkono ule, asijue aurudishe wapi. Damu aliyoilea kwa mboga haikuwa na njia ya kumfikia aliyemzaa.

Muuza nyama alimtazama. Akisema, amempoteza binti. Akinyamaza, binti atampoteza mama.

"Muuguzi, chukua yangu. Mimi ni O."

Msusi akageuka. "O?"

"Tangu nizaliwe. Nilikudanganya nipate kula nawe."

Msusi akaushusha mkono wake, akampisha kwa muuguzi.

Upasuaji ulipokwisha, muuza nyama alisimama mlangoni mwa wodi, asithubutu kuingia. Alikuwa ameishi na damu maisha yake yote. Aliiosha mezani, aliifuta viatuni. Hakuwahi kuiona ikirudisha uhai. Tone la damu yake lilishuka mrijani, likafuata jingine, na midomo ya mama, iliyokuwa rangi ya majivu, ikaanza kupata wekundu. Yeye, mtu baki, alikuwa ameingia mshipani mwa mwanamke yule na kupokelewa kama mwenyeji. Kando ya kitanda, msusi naye alitazama, mkono mdomoni.

Simu ikanyamaza siku nyingi. Alishakata tamaa lile gauni la manjano lilipotokea buchani.

"Nipimie maini. Mama ameamka na hamu ambayo hajapata kuwa nayo. Anauliza mkwe wake yuko wapi."

"Na wewe?"

"Mimi bado nimekukasirikia. Jana ulikula nini?"

Kabichi ilimjia ulimini. Akaimeza.

"Mbavu."

Msusi akaushika ule mkono uliochomwa sindano, akaufunika kwa kiganja chake.

"Basi tutanunua sufuria mbili," akasema. "Jiko litakuwa moja."