Mpaka Uso Ulie

Asubuhi ya siku mama alipotutoka ilikuwa tulivu. Magauni yake yalikuwa yanakauka kwenye kamba, na dada yangu alikuwa jikoni anamchujia supu ya kumpelekea wodini. Simu ikaita. Dada akasikiliza, akazima jiko, akakaa sakafuni. Kuanzia hapo nyumba yetu ina chumba kisicho na mtu.

Ndugu zangu, kilichomwondoa mama hakikuwa kitu cha kutisha. Kilikuwa kwenye chupa ya sabuni, na huenda ninyi pia mnayo bafuni.

Dada alikuwa na chumba chake kando ya barabara, akiwaosha wanawake nyuso. Alitumia sabuni ya maji, ile laini ya uso, yenye povu kidogo. Haikumdhuru mtu, lakini wateja waliinung'unikia. Mtaani kwetu uso hupimwa kama sahani: ukishaoshwa unapitisha kidole shavuni, na ukisikia kwi, basi uso umelia, umetakata.

"Mwenzangu, hii ni sabuni au maji ya mchele?" mteja mmoja alimuuliza.

"Ngoja nisuuze kwanza, utaona."

"Nimeshaona. Uso wangu haulii. Umenuna tu."

Chumba kizima kilicheka. Dada alicheka nao, lakini neno lile lilimkaa. Akaanza kuchanganya sabuni ya unga ya kufulia ndani ya chupa. Povu likajaa beseni, nyuso zikalia, na wateja wakaongezeka. Aliyelalamika kwamba ngozi inamvuta aliambiwa, "Inakaza hiyo, unarudi usichanani."

Kisha chupa ikaja nyumbani.

Mama alikuwa amelala kitandani tangu kiharusi kimshike, na dada ndiye aliyemwogesha. Msidhani alimchoka. Alimpenda, na alitaka kumpa kile alichokiona bora. Nikiwa sebuleni nilikuwa nawasikia.

"Mwanangu, sabuni hii inauma."

"Vumilia mama, ni uchafu unatoka."

"Uchafu gani? Nashinda kitandani. Nimecheza mpira na nani?"

Miguu ya mama ikaanza kutoa magamba meupe. Dada akaona ni uchafu uliokataa kutoka, akaongeza unga na kusugua zaidi. Ngozi ikapasuka juu ya kifundo, mpasuko ukatoa maji, mguu ukavimba na kuwa wa moto. Homa ilipompanda mama hadi akawa anatuita kwa majina ya wadogo zake, tulimkimbiza hospitali.

Muuguzi aliuliza anaogeshwa na nini. Dada akatoa chupa mkobani, tena kwa fahari. Muuguzi alimimina tone kiganjani, akalinusa.

"Hii sabuni ilikuwa nzuri. Nani kaweka unga wa kufulia?"

"Mimi. Ilikuwa haina povu."

Muuguzi alivuta kiti. Akatueleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi. Kazi ya sabuni, alisema, ni kushika mafuta yaliyobeba uchafu ili maji yaondoke nayo. Ile laini hushika uchafu na kuiachia ngozi sehemu kubwa ya mafuta yake. Ile kali haichagui. Inakomba na mafuta ambayo ngozi imejiwekea kama ukuta. Ukuta ukibomoka, vijidudu vinapita.

"Na ule mlio?" dada akauliza.

"Ule ni ukavu. Sahani haina haja ya mafuta. Ngozi ya mama yako inayahitaji."

"Nilitaka awe safi."

"Alikuwa safi, dada," muuguzi alisema.

Vijidudu vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Madaktari walimpigania mama kwa dawa, lakini mwili wake haukuwa tena na nguvu ya kusaidia.

Mafunzo

Povu si kipimo cha usafi. Sabuni yenye povu dogo inaweza kusafisha vizuri, na kwa ngozi ya mzee, ya mtoto, au ya mgonjwa, laini ndiyo ya kutafuta. Ya kufulia iacheni ifue. Msichanganye kitu ndani ya sabuni msiyoitengeneza. Hata iliyo laini isuuzeni vizuri, na ikiwasha, iacheni. Ngozi ikivuta, ikitoa magamba au ikipasuka, punguzeni kusugua na mwonyesheni mhudumu wa afya. Na mgonjwa akisema inauma, mwaminini. Yeye ndiye mwenye ngozi.

Nimewaambia majirani haya mpaka sauti imenikauka. Wengine huitikia kwa kichwa, kisha wanapitisha kidole shavuni.

Dada haoshi nyuso tena. Siku hizi anashona mapazia.