Mashine ya Wajawazito

"Mwanangu wa kiume apimwe kwa mashine ya wajawazito?" Baba alifoka. "Kala maembe mabichi, tumbo limemsokota. Mpe dawa twende zetu!"

"Mzee, mashine haichagui," daktari alijibu, huku akiisogeza karibu na kitanda. "Mtoto amepauka midomo na moyo unamwenda mbio. Maembe hayafanyi hivyo."

"Mimi ndiye baba yake!"

"Na mimi ndiye daktari wake. Tukiendelea kubishana, atatuacha hapa tukibishana."

Kitandani, mvulana alijikunja akishika ubavu wa kushoto. Alimkazia macho mdogo wake wa kike, aliyepachikwa jina la Chiriku kwa kupenda kusema. Leo Chiriku alikuwa bubu. Asubuhi kaka alikuwa amechukua baiskeli ya kazi ya Baba, ambayo alikatazwa hata kuigusa. Ilimshinda kwenye mteremko, akaanguka, na ncha ya usukani ikamgonga chini ya mbavu. Halikutoka hata tone la damu. "Ukisema," alikuwa amemwonya Chiriku, "mimi si kaka yako tena."

Chiriku aligusa mkono wa kaka yake. Ulikuwa wa baridi kama sakafu.

"Hakula maembe," alisema. "Alianguka na baiskeli yako, Baba. Usukani ulimgonga hapo alipopashika."

Kaka alifumba macho. Baba alimgeukia daktari.

"Mpime," alisema hatimaye.

Daktari alimpaka kaka jeli tumboni, akapitisha kipimo taratibu kwenye ubavu wa kushoto. Kwenye kioo cha mashine yalitokea mawingu ya kijivu.

"Hii ni bandama, na hii ni figo. Vinatakiwa vikaribiane. Mnauona weusi huu katikati? Ni damu. Ikitoka nje kila mtu huiona. Hii inamwagikia ndani, na shati linabaki safi." Aligeuka kwa muuguzi. "Chumba cha upasuaji. Sasa hivi!"

Baba, aliyekuwa akigomba, alikuwa wa kwanza kukisukuma kitanda.

Bandama ilikuwa imepasuka vibaya, haikushoneka. Waliitoa. Jioni kaka alifumbua macho, lakini alipomwona Chiriku aligeuzia uso ukutani.

"Si nilikwambia?" alinong'ona. "Mimi si kaka yako."

Chiriku alitoka, akalilia kwenye korido. Baba alikuwa amesimama pale, kofia mkononi.

"Mwanangu aliniogopa mimi kuliko alivyoogopa kufa," alisema, bila kumtazama mtu.

Daktari alipita akivua glavu. "Na wewe, binti, unalia nini?"

"Kaninunia."

"Basi shukuru. Maiti hainuni." Aliinama, akamtazama machoni. "Siri ya zawadi itunze. Siri ya maumivu mpelekee mtu mzima, hata kama utachukiwa. Ungenyamaza, tungekuwa bado tunagombania maembe."

Chiriku alifuta machozi kwa kiganja. Alirudi wodini, akavuta kiti hadi ubavuni mwa kitanda, akaketi akiutazama mgongo wa kaka yake.

"Nuna tu, Kaka," alisema. "Mimi siondoki."