Vipande Viwili Kwenye Mchoro

Kwach, kwach, mkasi ulikuwa ukikata nguo gizani. Rafiki yangu Shukriya, fundi cherahani pale mjini Ibra, akamkumbatia mwanawe hata pakawa kimya. Asubuhi akaona gauni la mtoto limekatwa pindo, na kile kipande kimebanwa kwa pini kwenye mchoro wa zamani wa vazi la dansi ya baleti, zawadi ya shoga yake Wadha. Kando yake kipande kingine, kilichokuwapo tangu apewe mchoro, ambacho sasa alikitambua: cha gauni la Idi alilomshonea mwenyewe marehemu binti wa Wadha.

Akamkimbilia shoga yake. "Wadha, ulijua?"

"Nilijua, shoga angu. Nimebakiwa na mtoto mmoja tu, ndiyo maana nikakupa."

Aliponieleza haya, Shukriya alikuwa akiufunga mchoro kwa karatasi ya zawadi. Akaapa wallahi hatomwambia mtu mwingine, hata huyo atakayempa.