Kisu cha Yirgedu

Asubuhi Yirgedu alimkamua ng'ombe wake, akampa habari zote. Habari zenyewe zilikuwa mbili: mvua imenyesha, na goti la kushoto linauma. Ng'ombe alikuwa amezisikia jana pia, lakini hakulalamika. Ndiyo faida ya ng'ombe.

Mume wake alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Watoto wake watatu wako Addis Ababa, wanauza viatu na soksi. Huja mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Msalaba. Hula wakashiba, wakaondoka na vifurushi. Siku nyingine zote Yirgedu hubaki na shamba lililo nyuma ya nyumba.

Shamba hilo ni la migomba ya enseti. Mgomba huu hauzai ndizi ya kula. Huliwa shina lake. Unaliparua, unalifukia shimoni mpaka lichachuke, kisha unaoka mkate. Lakini mgomba hukomaa kwa miaka sita. Mwenye enseti hafi njaa. Asiyekuwa nayo leo hataipata kesho.

Yirgedu alikuwa na kitu kingine cha thamani: kisu. Mhunzi alikifua kwa chuma cha gari, na kijiji kizima hakikuwa na kisu kikali kama hicho. Watu walikuja kukiazima. Anayekuja lazima aseme, "Umeamkaje, mama?" Anayerudisha lazima aseme, "Ahsante." Siku nyingine hayo ndiyo maneno yote aliyoyasikia Yirgedu tangu asubuhi hadi jioni.

"Umeamkaje, mama? Kisu kipo?" aliuliza Shewaye, jirani wa ng'ambo ya ua.

"Kipo. Kaa kwanza unywe kahawa."

"Kahawa? Mimi na watoto sita? Nikikaa hapa watakula mlango!"

Akachukua kisu, akaenda zake. Yirgedu akainywa kahawa yote mwenyewe, vikombe vitatu.

Siku hiyohiyo aliona mgomba mmoja una jani la katikati la manjano, limelegea. Mwezi uliofuata ilikuwa migomba saba. Kisha kumi na mmoja.

"Ni jicho," Shewaye alisema juu ya ua. "Mtu amelitazama shamba lako."

"Nani anitazame mimi? Hata mbwa hapiti hapa."

Basi akamwita Werkinesh, bibi shamba wa kata. Msichana huyo alikuja na mabuti yake ya mpira. Alikata kikonyo cha jani la manjano kwa kisu chake kidogo, akangoja. Usaha wa manjano ukatoka.

"Si jicho, mama. Ni ugonjwa. Una vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hupanda chuma kama abiria. Kisu chako kimekata migomba ya nani?"

Yirgedu akaanza kutaja kwa fahari. "Cha kwangu? Juzi kilikuwa kwa Shewaye. Kabla yake, kwa mhunzi. Kabla yake, kule bondeni, kwa wale waliopoteza shamba lo..."

Akageuka kuitazama migomba yake.

"Ng'oa migomba yote iliyougua, na mizizi yake," Werkinesh alisema. "Usiiburute katikati ya mizima. Ikatekate, uifukie katika shimo refu nje ya shamba. Majani yake usimpe ng'ombe. Pale ilipokuwa, usipande enseti mwaka mzima. Panda viazi au kabichi. Na kisu kikitoka mgomba mmoja kwenda mwingine, kipitishe motoni mpaka kisishikike kwa mkono."

"Wazee wetu hawakuchoma visu."

"Wazee wetu hawakuwa na kisu kinachotembea kuliko mshenga. Mama, duniani kila watu wana kilimo chao. Kuna wanaolima mpunga majini. Kuna wanaohama na mifugo. Kuna wanaolima ngano kwa mashine, shamba moja hulioni mwisho. Wote walirithi kwa wazee wao, na wote wamebadilisha kitu."

"Na hao wa ngano, huko shambani wanaongea na nani?"

Werkinesh akacheka. "Labda na redio."

Yirgedu aling'oa kwa siku nne. Migomba ile kumi na mmoja alikuwa ameipanda mumewe, mwaka wake wa mwisho. Kila mmoja aliukata, akauweka shimoni, akaufunika kwa udongo. Hakumpa ng'ombe habari hiyo.

Shewaye alipokuja, Yirgedu alikificha kisu nyuma yake. "Sikiazimishi tena. Kinabeba ugonjwa."

"Ehee! Mimi ndiye ugonjwa? Haya, kaa nacho. Uzikwe nacho!"

Neno likazunguka kijiji. Wiki ikapita, na ya pili, na ya tatu. Hakuna aliyemwamkia, hakuna aliyemshukuru. Hakuna jani jipya la manjano lililotokea, lakini furaha hiyo hakuwa na wa kumwambia. Akapika kahawa, akaimwaga.

Werkinesh aliporudi kukagua, akashangaa. "Shamba zuri! Mbona uso umekuwa kama wa mtu aliyefiwa?"

"Ulisema kisu kisitoke."

"Nilisema kisitoke bila moto! Mama, una mafiga, una kuni. Anayekuja kuazima, mwambie asubiri kipate moto. Akirudisha, asubiri tena. Na umweleze sababu, maana Shewaye naye ana majani ya manjano."

Yirgedu hakungoja aitwe. Alivuka ua mwenyewe, goti na yote. Alimkuta Shewaye amesimama mbele ya migomba mitano iliyolegea, analia.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja na jembe. Kucheka tutacheka baadaye."

Waling'oa pamoja. Yirgedu alimweleza kila alichofundishwa, na mengine akayaongeza yake. Tangu siku hiyo, aliyetaka kisu aliketi kando ya mafiga. Chuma hakipati moto kwa haraka, na Yirgedu, Mungu amsamehe, alizoea kutia kuni mbichi.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Shamba la Yirgedu likasimama la kijani. Palipokuwa na migomba ya mumewe alivuna viazi, kisha akapanda vichipukizi kutoka mgomba mzima. Kwa Shewaye nako ugonjwa ulikoma.

Asubuhi moja Shewaye akaja na kitu kimefungwa kitambaani. Akakifungua. Kilikuwa kisu kipya, cha mhunzi yuleyule.

"Cha kwangu mwenyewe," alisema. "Sitakusumbua tena."

Yirgedu alikitazama. "Ni kizuri," akasema, kisha akainama kupuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Shewaye akamnyooshea kisu kipya. "Basi kichome."

"Kwako hakuna moto?"

"Upo," Shewaye alisema. Akavuta kigoda, akaketi.