Mfuko wa Unga Hauna Shingo

Asubuhi hiyo Emery alishika ufagio, akafagia kiwanja chake mwenyewe. Jirani yake Hubert alipita na bidoni ya maji, akasimama kumcheka.

"Papa Orly! Leo umekuwa mwanamuke?"

"Cheka tu," Emery akajibu bila kuinua kichwa. "Bibi yangu, mama ya Orly, walimupasua tumbo. Siku watakupasua weye, utashika ufagio?"

Hubert akabeba bidoni yake, akaenda zake.

Emery alikuwa dereva wa pikipiki ya taksi hapa Bunia. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Mambo ya magurudumu, hakuna aliyeweza kumfundisha. Ndivyo alivyoamini.

Mke wake, Plamedie, aliuza samaki wa chumvi wa Kasenyi. Wiki sita zilizopita alijifungua kwa operesheni. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Orly. Kidonda kilikuwa kimefunga, lakini kila Plamedie alipojifunga kikwembe kumbeba mtoto, tumbo lilimvuta, naye akauma meno. Tena nyumba yao ya Mudzipela ilikuwa ng'ambo ya mtaro, na daraja lake lilikuwa mbao mbili tu.

Kwa hiyo wakakubaliana kununua kigari cha kusukuma mtoto. Bunia watu hukiita pusete. Kiwe chepesi, Plamedie aweze kukivusha mtaro peke yake. Kikunjike pia, maana nyumba ilikuwa ya chumba kimoja.

Karibu na soko, mtu mmoja aitwaye Dady aliuza vitu vilivyokwisha kutumika Ulaya. Siku hiyo alikuwa na pusete mbili. Moja ilikuwa nyekundu, nyingine ya rangi ya majivu.

Emery alitia kidole kimoja kwenye mkono wa ile nyekundu, akainyanyua juu.

"Mama Orly, angalia! Ni kama manyoya ya kuku!"

Plamedie alikuwa ameinama juu ya ile ya majivu. Alisukuma kiti chake nyuma. Kikashuka mpaka kikanyooka kama kitanda.

"Papa Orly, hii inalala kabisa," akasema. "Ile nyekundu inakaa tu."

"Hii ya majivu ni nzito kidogo. Na Orly ni muzee, alale muchana kutwa?"

Dady akapiga makofi. "Mukubwa anasema kweli! Mutoto mwanaume anakaa, anaangalia muji!"

"Lakini itamubeba?" Plamedie akauliza.

Emery alikuwa ametoka kununua mfuko wa unga wa fufu. Akauchukua, akaukalisha ndani ya pusete nyekundu. Akaisukuma juu ya mawe. Akaikatisha kona kama pikipiki. Akaisimamisha ghafla. Mfuko ulikaa palepale, umetulia kama chifu.

"Unaona? Ule mufuko ni kilo dix, kumi nzima. Orly hafike kilo tano. Tumemaliza."

"Papa Orly, miye nilitaka..."

"Mama, mambo ya magurudumu uniachie miye."

Plamedie akakiinua tena kiti cha ile ya majivu. Pusete nyekundu ikaenda Mudzipela.

Siku ya chanjo ilifika. Jua lilikuwa kali, na malori yalikuwa yakipita mfululizo. Vumbi jekundu lilipanda mpaka juu ya mabati. Plamedie alimkalisha Orly ndani ya pusete, akakunja kikwembe mara mbili, akamfunika. Akafunga pembe zote nne ili vumbi lisipate pa kuingia. Mfuko wa nguo za mtoto wakautundika kwenye mikono ya pusete, pamoja na chupa ya maji.

Emery aliacha pikipiki nyumbani. Siku hiyo alitaka kusukuma mwenyewe, watu wamwone. Na kweli walimwona.

"Ee, wazungu ya Mudzipela!" wanawake wakapiga kelele kutoka kwenye meza zao za nyanya.

Walipofika kwenye jiwe, magurudumu ya mbele yaliinuka. Mfuko ulikuwa ukiivuta pusete nyuma. Plamedie akaishika haraka.

"Inataka kuruka kama ndege!" Emery akacheka.

Ndani ya kikwembe, Orly alilia kidogo. Kisha akatoa sauti kama ya mtu anayekoroma. Kisha akanyamaza.

"Amelala?" Plamedie akauliza.

"Amelala. Unaona? Pusete ni dawa."

Kwenye kituo cha afya, akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Muuguzi aitwaye Martine alikuwa akipima watoto kwenye mizani iliyoning'inia. Aliona pusete iliyofungwa kama mzigo wa safari. Akaacha mizani.

"Nani iko mule ndani?"

"Ni Orly, mama. Amelala."

"Na hii jua? Funua."

Emery akafungua kikwembe polepole, kwa madaha, ili mabenchi yote yaone pusete yake.

Halafu mkono wake ukasimama hewani.

Orly alikuwa ameteleza chini. Kichwa kilikuwa kimeanguka mbele. Kidevu kilikuwa kimegandamana na kifua. Uso wote ulilowa jasho. Na midomo yake, ile midomo midogo, ilikuwa na rangi ya biringanya.

Martine akaja mbio. Alifungua mkanda, akamnyakua mtoto, akamlaza chali juu ya meza. Akamnyoosha shingo. Akamsugua kifua na nyayo. Mama mmoja kwenye benchi akasema, "Yesu."

Orly hakutikisika.

Martine akasugua tena. Plamedie alikuwa ameweka mikono miwili juu ya kichwa.

Mtoto akakohoa. Akavuta pumzi moja ndefu, yenye mkwaruzo. Kisha akalia. Alilia mpaka mabati yakaitika, na mabenchi yote yakalia pamoja naye.

Plamedie akaanguka chini, akaketi palepale kwenye sakafu. Emery alikuwa bado ameshika pembe ya kikwembe. Alitaka kuiachia. Vidole vilikataa kufunguka.

Daktari alikuja, akampima Orly, akasema abaki kitandani mpaka jioni wamwangalie. Midomo ilirudi rangi yake. Alinyonya. Ndipo Martine akavuta kiti, akaketi mbele ya Emery.

"Papa, pusete ile nani alichagua?"

"Ni miye." Sauti yake ilikuwa ndogo. Emery mwenyewe hakuitambua. "Lakini niliipima, mama. Niliweka mufuko ya unga, kilo dix. Nilikimbiza juu ya mawe. Ilikaa muzuri."

Martine akatikisa kichwa.

"Papa, mufuko ya unga haina shingo."

Emery akaigeukia pusete tupu.

"Tia kidevu yako ku kifua," Martine akasema. "Kaza. Kaza sana. Sasa ita jina ya bibi yako."

Emery akajaribu. Sauti ilitoka imebanwa, kama ya mtu aliyekabwa.

"Unasikia? Na weye uko na shingo ya mwanaume. Ya mutoto mudogo ni kama bua ya mboga ya lengalenga, na kichwa yake ni nzito. Ukimukalisha, kichwa inaanguka mbele. Njia ya pumzi inakunjika. Hana nguvu ya kuinua kichwa."

"Sasa juu ya nini hakulia?"

"Alilia. Halafu pumzi ikakosa. Mutoto mwenye kukosa pumzi hana ya kulilia. Ananyamaza, na siye tunasema amelala."

Emery akakumbuka ile sauti ya kukoroma njiani. Akakumbuka alivyosema pusete ni dawa. Akasimama ghafla.

"Nitaivunja hii pusete! Na Dady nitamuvunja!"

"Kaa chini," Martine akasema. "Pusete haina kosa. Mutoto mwenye kukaa peke yake, wa miezi sita hivi, shingo imekomaa, huyo ataingia ndani yake. Orly bado. Ya Orly inapaswa kulala, mugongo sawa, uso juu. Nyepesi ni muzuri, bibi yako iko na kidonda. Lakini kwanza ilale. Kisha ndiyo utafute nyepesi."

Kutoka kitandani alipokaa na Orly, Plamedie akasema neno moja tu.

"Majivu."

Neno hilo lilimpiga Emery kuliko kofi. Akaenda, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama Orly, ulisema. Ulisema, na miye nilikufunga kinywa."

"Kesho utafungua masikio," Plamedie akajibu. Machozi yalikuwa bado yanamtoka.

Martine hakuwa amemaliza. Aliisogeza pusete tupu juani, akaifunika na kile kikwembe, akaendelea na watoto wengine. Baadaye akamwita Emery.

"Tia mukono ndani."

Emery akatia. Akautoa mbio.

"Ni kama sufuria ya maharagi!"

"Na mutoto wako alikuwa mule. Musimufunike uso tena. Lori ikipita na vumbi, musimame mbali na barabara, umubebe ku kifua, ipite. Na ule mufuko wenye mulitundika? Pusete nyepesi ikivutwa nyuma, inaanguka na mutoto. Vitu viende chini, ku kikapo yake."

Kisha akamwonyesha jambo moja la mwisho. Alimlaza Orly vizuri, akaweka vidole viwili kati ya kidevu na kifua.

"Viingie hivi, bila kusukuma. Mu pusete, mu kikwembe, mu mikono ya nyanya yake. Pahali pote. Visipoingia, inua kichwa haraka."

Kesho yake walirudi kwa Dady. Pusete ya majivu ilikuwa bado ipo. Safari hii Emery hakutumia kidole. Alilaza kiti, akapitisha kiganja juu yake chote kuona kama kimenyooka. Aliikunjua, akaibonyeza chini kwa nguvu zake zote, aone kama itajikunja yenyewe. Haikujikunja. Alivuta mikanda yote, ya mabega, ya kiuno, ya katikati ya miguu. Aliiweka kwenye mteremko, akakanyaga breki, akaiachia. Ilisimama.

"Mukubwa," Dady akacheka, "unanunua pusete ao unanunua avion ya kuruka angani?"

Emery akamweleza yote. Alimweleza rangi ya midomo. Kicheko cha Dady kikakauka usoni.

"Mukubwa," akasema polepole, "nimeuzisha zingine mbili za kukaa, juma hii."

"Kwa nani?"

"Nyumba zao ninazijua."

"Panda pikipiki."

Wakaondoka saa ileile, duka likabaki na Plamedie. Nyumba ya kwanza, mtoto alikuwa wa miezi minane, amekaa wima mwenyewe, anatafuna kijiko. Wakapumua. Nyumba ya pili ilikuwa Nyakasansa. Mama wa nyumba alitoka mlangoni.

"Mutoto wako iko na siku ngapi?" Emery akauliza hata kabla ya salamu.

"Juma tatu. Bado hajatembea na pusete. Kesho ndiyo tunamupeleka ku kanisa."

Dady akaegemea ukuta. Emery akaeleza tena. Pusete ile ikarudi dukani nao, ikiwa imefungwa kwa kamba ya mpira nyuma ya pikipiki.

Walipofika, Emery akaisukuma ile ya majivu mbele ya mke wake.

"Inua weye. Kidonda si yangu."

Plamedie akainua. Akaishusha. Akainua tena, akatembea hatua tano. Tumbo halikumvuta.

"Hii," akasema. Na neno lake lilikuwa la mwisho.

Wiki nne zikapita. Siku ya chanjo ya pili, Orly aliletwa amelala chali, uso wazi, mfuko wake uko chini kwenye kikapu. Mizani ilionyesha ameongezeka. Martine akafurahi, akamshika Emery mkono, akamsimamisha mbele ya mabenchi.

"Huyu papa iko na neno. Mumusikilize."

Emery, ambaye kwenye parkingi ya pikipiki hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, alisimama mbele ya akina mama hao wote. Aliwaangalia. Akamwangalia mtoto wake. Mwishowe akainama, akaweka vidole viwili chini ya kidevu cha Orly. Akawaonyesha.

"Mufanye hivi," akasema. "Sasa hivi. Kila mutu, na wake."

Mabenchi yakaanza kutikisika. Vikwembe vikafunguliwa. Wengine walicheka, wengine walitaniana, lakini mikono yote ilikwenda kwenye videvu.

Kwenye benchi la nyuma, msichana mmoja alikuwa amemfunga mtoto wake kifuani, mdogo sana, kwenye kikwembe kipya cha manjano. Akatia vidole. Akajaribu tena. Kisha akainua uso, macho yamemtoka.

"Haviingie," akasema.

Martine alikuwa amekwisha kuruka benchi la kwanza. Lakini msichana hakumngoja. Alikilegeza kikwembe kwa mikono miwili, akakiinua kile kichwa kidogo, akakishikilia hapo. Mtoto akapiga chafya, akaanza kulia kwa hasira, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote.

Hakuna aliyemwambia anyamaze.