Bakuli la Baba

Kila mchana akitoka shule, Sindano alipitia nyumbani kuchukua chakula cha baba yake na kukipeleka karakanani. Baba alikuwa fundi wa makochi, na ndiye aliyempa binti yake jina hilo kwa wembamba wake. Tangu daktari aseme kuwa lehemu, yaani kolesteroli, imezidi katika damu ya baba, mama alichemsha kila kitu, bila hata kijiko cha mafuta.

"Mwambie amalize," mama alisisitiza.

Bakuli lilirudi tupu, na mama alifurahi. Hakujua kwamba baba alibadilishana chakula na seremala wa jirani, ambaye mkewe alimfungia nyama ya mafuta na viazi vya kukaanga.

"Lete hizo nyasi zako," seremala alisema. "Wewe kula chakula cha wanaume."

"Nyasi zenyewe unazilamba mpaka bakuli linang'aa!" baba alijibu, wakacheka. Kisha alimkatia Sindano kipande kinono. "Mama yako asijue, mwanangu. Ningekuwa mgonjwa si ningejisikia?"

Sindano alikula, akanyamaza. Alipenda kumwona baba akicheka.

Siku moja alimkuta baba ameketi sakafuni, ameegemea kochi ambalo hajalivika kitambaa, jasho linamtiririka, mkono kifuani. Seremala alikuwa barabarani akisimamisha gari kwa kelele.

Hospitalini, daktari alisoma majibu ya damu, akakunja uso. "Lehemu imepanda sana. Anakula nini?"

"Vya kuchemsha tu," mama alijibu.

"Basi huenda dawa haimfai. Itabidi tuibadilishe."

Sindano alimtazama baba aliyelala, macho amefumba. Akinyamaza, baba angetibiwa kwa habari ya uongo.

"Baba hali chakula cha mama," alisema huku akilia. Akaeleza yote.

Mama hakumkemea. Aliketi kwenye benchi, amepakata bakuli la siku ile. Chakula kilikuwa kimepoa ndani yake.

"Umenisaidia sana," daktari alimwambia Sindano. "Lehemu ikizidi hujijenga polepole ndani ya mishipa ya damu, wala haiumi. Siku mshipa wa moyo ukiziba, sehemu ya moyo hufa. Hiyo hairudi."

"Na saratani aliyougua bibi yangu, ililetwa na lehemu?" Sindano aliuliza.

"Uhusiano wa lehemu na saratani bado unachunguzwa. Siwezi kukuambia nisichokijua."

Baba alirudi nyumbani, lakini nyundo ilimshinda. Kochi lile lilimaliziwa na fundi mwingine. Seremala alikuja kumtazama, utani wote umemwishia. Mwishowe alifungua bakuli lake mwenyewe.

"Nyasi?" baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nyasi, ndugu yangu. Nimemwomba mke wangu naye achemshe." Akajifuta macho kwa kiganja.

"Baba, ningesema mapema..." Sindano alianza.

"Hapana. Mimi ndiye niliyekutwika siri isiyo ya mtoto. Kosa ni langu, na nimelilipia. Ila sikiliza, mwanangu: mtu akikuomba umfichie jambo linalomdhuru, sema. Hata kama mtu huyo ni mimi."

Baba alikula chakula cha mama taratibu, akipumzika kati ya tonge na tonge. Sindano alimsubiri mpaka akamaliza, kisha akampelekea mama bakuli jikoni. Mama alilitazama kwa muda mrefu. Safari hii lilikuwa tupu kweli.