Mtungi wa Koki Mbili

Haya yalimpata rafiki yangu Crispin wa Ipogolo, mzamiaji, mwaka sabini na sita. Mtungi wake wa hewa aliuchagua wenye koki mbili. "Moja ikigoma, nyingine itanirudisha. Kesho nitazama chini zaidi!"

Mkewe Apolonia akamwonya, "Ziwa la kwetu Mbeya haliingiwi bila kupiga hodi."

"Hodi kwa maji? Sipigi!"

Akazama mchana kweupe. Huko chini gizani koki ikajifunga: kri, kri. Akafungua ya pili, akaibuka akicheka.

Alipofika nyumbani, mtungi ukagongwa kutokea ndani, mara tatu.

"Hakuna karibu hapa!" Crispin akafoka.

Kisha koki ya pili ikajizungusha polepole: kri, kri. Haikutoa hewa. Ilitoa maji.